Ekipe ndogo inafungua shimo, ekipe kubwa inalichimba

Kila muchimbaji wa Kolwezi ao wa Likasi anajua hii: shimo jipya halifunguliwe na watu mia. Wanaenda wane, watano, wenye kusoma udongo. Wakigusa mawe mazuri, njo wengine wanafika: wenye kuvuta mifuko, wenye kuosha, wanunuzi, na nyuma yao mashini.

Katika kazi ya sayansi iko vile vile. Mwezi wa pili 2019, watafiti watatu wa Marekani, Lingfei Wu, Dashun Wang na James Evans, walitoa hesabu yao katika gazeti Nature. Walipima kazi zaidi ya milioni 65, tangu 1954 mpaka 2014: maandiko ya sayansi, brevete za uvumbuzi na programu za ordinatere. Waliuliza hivi: kisha kazi fulani kutoka, wanaofuata wanaitaja yenyewe tu, ao wanaitaja pamoja na zile za zamani zilizoitangulia? Wakiitaja yenyewe tu, maana yake imefungua njia mpya. Wakiitaja pamoja na za zamani, imepanua njia iliyokuwapo.

Jibu lilionekana wazi: kadiri ekipe inakua, inapanua zaidi na inafungua kidogo. Lakini tusidharau ekipe kubwa. Kazi zake zinajulikana haraka, na kuko kazi ambazo watu wane hawawezi. Mwaka 2015, andiko moja juu ya chembe ya Higgs lilibeba majina zaidi ya 5 000! Ekipe ndogo, yake inaweza kungojea miaka mingi mbele ya watu kuiona.

Sasa, hii inatuhusu nini sisi wa Katanga? Inagusa sahani yetu ya bukari.

Mwaka 1980, kule Oxford, Uingereza, watu wane walitoa andiko fupi. Mukubwa wao alikuwa John Goodenough. Walionyesha kama kobalti pamoja na lityumu inaweza kutunza umeme mwingi katika batiri. Ilipita miaka 11 mbele ya Sony kuuza batiri ya namna ile, mwaka 1991. Kisha telefone zikajaa dunia nzima, na mawe yetu yakatafutwa sana. Watu wane njo walifungua lile shimo.

Mwaka 1997, Goodenough yule yule, sasa akiwa Texas, alitoa andiko lingine na wenzake wawili: batiri ya chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Watu watatu tu. Miaka ikapita, kampuni kubwa za China zikachukua ile njia na kuipanua. Mwaka 2024 karibu nusu ya batiri za magari ya umeme duniani zilikuwa za namna ile.

Bei tunaijua wote. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90 000. Mwanzo wa 2025 ilikuwa karibu dola 21 000. Tuseme ukweli: sababu kubwa ilikuwa mawe mingi kupita kiasi sokoni. Lakini ile batiri ya chuma nayo ilisaidia kuishusha. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu ilisimamisha kutosha kobalti inje, na tangu mwezi wa kumi inapima kwa kota. Ni vizuri kujikinga. Lakini mupaka unaweza kufungwa. Labo ya watu watatu, nani ataifunga?

Kanuni ya madini ya 2018 inasema 10% ya redevanse iende katika Mufuko wa madini kwa vizazi vijavyo. Sisi tunaona sehemu ya zile feza ingelisha ekipe ndogo za vijana wetu wa iniversite ya Lubumbashi: watu watatu, wane, na labo yenye moto kila siku. Na zisiwe moja ao mbili. Muchimbaji anajua kama mashimo mingi yanatoka bule. Njo maana tunafungua mingi.

Baba, mama, mutoto wako akikuambia anatafuta kitu na wenzake wawili tu, usimucheke. Kobalti yetu ilipata bei juu ya watu wane. Batiri isiyoihitaji ilitoka kwa watu watatu. Shimo litakalofuata, afazali lifunguliwe hapa kwetu.