Theluji Nayo Ina Haki ya Kutajwa kwa Kiswahili

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakina haja ya kujishughulisha na mambo ya theluji. Lugha hii, wasema, ilizaliwa pwani, ikalelewa na pepo za kusi na kaskazi. Ya nini kuisumbua kwa michezo ya Wanorwe? Hoja hiyo yasikika tamu, walakini haina mashiko.

Na achukuliwe kijana wa Sigowet, katika nchi ya majani chai ya Kericho. Theluji hajaikanyaga, lakini baridi ya alfajiri aijua, na mvua ya mawe aijua zaidi, kwani ikishuka alasiri huyachana majani mabichi na kumwachia mkulima vijiti. Kijana huyu akitaka kusimulia mchezo ambamo mtu aliyevaa skii huvutwa na mbwa juu ya theluji mpya, atakwama. Waingereza walikwisha kuliazima neno la Kinorwe, skijoringi. Waswahili wangali wanatazamana.

Ilhali mchezo wenyewe si mgeni kama udhaniwavyo. Mbwa, aghalabu yule wa Siberia aitwaye haski, huvishwa mkanda kifuani na mabegani. Kamba yenye mvutano humuunganisha na kiuno cha mchezaji. Hatamu hakuna. Mbwa huongozwa kwa sauti tupu: nenda, simama, kata kulia, kata kushoto. Je, mchungaji wa Sigowet anayewageuza fahali shambani kwa mluzi na ukemi atahitaji kufunzwa jambo hilo? Ajabu ni kwamba katika mchezo huu lugha ndiyo hatamu, na bado kuna wanaodai kuwa Kiswahili hakiufai.

Isitoshe, dai la ugeni limechelewa mno. Neno theluji lilitoka Kiarabu. Barafu lilitoka Kiajemi, na huko lamaanisha theluji yenyewe. Waswahili waliligeuza maana bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Waliotangulia hawakungoja theluji ianguke Lamu ndipo waipe jina. (Na Kilimanjaro, kwa taarifa ya wenye shaka, haiko Norwe.)

Halafu yupo Philip Boit. Mwanariadha huyu wa mbio za kati, mzaliwa wa upande wa Eldoret, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii, naye alikuwa hajapata kuiona theluji. Mwaka 1998, mjini Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Katika kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho miongoni mwa waliofika, dakika zipatazo 20 nyuma ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja mwishoni mwa njia akamkumbatia. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Alirudi tena katika Olimpiki za mwaka 2002 na 2006. Kisa kama hiki, chenye aibu na utu na ukaidi ndani yake, kingestahili tamthilia nzima ya Kiswahili. Badala yake mwanafunzi wa chuo kikuu hukisoma kwa Kiingereza, kisha hukisimulia kwa sentensi zilizovunjika katikati kila afikapo kwenye theluji.

Hapa panapendekezwa “mkokoto wa mbwa”, kwa kuwa kitenzi kukokota kimekwisha kuzaa mkokoteni unaojulikana katika kila soko. Skii ibaki skii. “Mbao za kutelezea” ni ndefu mno kwa mtu anayekimbia. Wapo watakaosema mkokoto wanuka mzigo na jasho, haufai kuitwa mchezo. Hao na walete lao, mradi liweze kutamkwa na mtu aliyekwisha kuishiwa pumzi, mbwa wake akiwa mbele.