Mistari Mitatu ya Uongo



Kuna neno limenikaa moyoni tangu mvua za mwaka jana, nami naona afadhali nilitoe hapa kuliko kunong'ona siku ya mishahara.

Sisi wa genge hutembea njia kila asubuhi, tukigonga boliti kwa nyundo na kutazama mataruma na kokoto. Mvua ikiharibu njia, tunafanya kazi mpaka usiku, na saa za ovataimu huandikwa katika kitabu. Wakati huo mwandishi wa kitabu nilikuwa mimi. Mwenzetu mmoja hakuja kazini siku tatu, akaniomba: "Ndugu yangu, nifunike, mtoto ni mgonjwa." Nikamfunika. Niliona ni huruma. Na mtoto alikuwa mgonjwa kweli, yeye hakunidanganya. Mwenye uongo nilikuwa mimi.

Ovataimu ile haikulipwa. Chama kikapeleka madai yetu afisini, watu kumi na wanne. Mkubwa akafungua kitabu chetu, akaweka kando yake daftari la zahanati. Siku zile tatu mtu wetu alikuwa zahanati na mtoto wake, jina limeandikwa wazi. Mkubwa hakupiga kelele. Alifunga kitabu akasema, "Kama hii si kweli, nitajuaje hayo mengine?" Katibu wetu alinyamaza. Watu kumi na wanne walikosa jasho lao kwa mistari mitatu ya kalamu yangu.

Najua jibu la wengi: mwajiri naye hudanganya. Sikatai. Lakini mwajiri ana wakili, ana mihuri, na ana wakati wa kungoja. Sisi tuna neno letu tu. Likishikwa na uongo mara moja, tutaingia na nini tena afisini? Kwa hiyo uongo wetu ni ghali kuliko wake, hata ukiwa mdogo, hata ukiwa wa huruma.

Tena kuna hili la kuwa na moyo mchangamfu. Watu wa genge hunicheka kwa kuwa mimi hupenda kusema "itatengenezeka". Wengine hufikiri maana yake ni kusema "haidhuru" na kupita, hata nati ikiwa imelegea. Huo ni uvivu. Mimi nasema imelegea, kisha naomba spana.

Tazameni Makhan Singh. Mwaka 1950, katika mkutano pale Kaloleni, Nairobi, alisema wazi kwamba nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru, na wakati ule neno hilo lilikuwa la hatari. Serikali ya wakoloni ikamweka kizuizini mpaka 1961. Alipotoka hakukaa tu kulaumu watu. Alishika kalamu akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, na kitabu kikatoka mwaka 1969. Miaka kumi na moja imepotea, na bado mtu ana hamu ya kazi! Mimi sikufungwa hata siku moja, nami niliogopa kumwambia rafiki "hapana".

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wenzangu nikasema ni mimi niliyeandika. Wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Mmoja hajanisalimu hata leo. Nyapara wetu, mzee wa miaka mingi katika njia, alininyang'anya kitabu akaniachia nyundo. Baada ya miezi minne akanirudishia bila maneno mengi. "Sasa unajua uzito wake," akasema.

Basi nalileta shauri langu kwa halmashauri ya chama. Kila jioni kitabu kitiwe sahihi na watu wawili, mwandishi na mmoja wa genge, kwa zamu. Na mwenye mtoto mgonjwa asiombe kufunikwa gizani. Aombe ruhusa wazi, na chama kisimame naye mpaka aipate. Hiyo ndiyo kazi tunayoilipia ada.

Katika genge letu tumekwisha anza. Mwezi uliopita tulidai saa tisa, tukalipwa saa tisa. Zile za watu kumi na wanne bado hazijalipwa.