Maji ya Lualaba: nani atayapima?

Samaki anayefika Kamina kwa treni kutoka Bukama ametoka katika maji ya Lualaba, na mto huo umepitia kwanza Kolwezi, penye migodi ya shaba na kobalti. Mama anayemnunua sokoni ili aliwe na bukari hana njia ya kujua kama maji alimokulia yana sumu ya madini. Jicho halioni, pua haisikii.

Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya mikojo ya watu 351 wa Katanga. Wakaaji wa karibu na migodi walikutwa na kobalti nyingi kuliko wa mbali, watoto zaidi. Lakini mashine za kupima hivyo ni za bei kali, na zinataka umeme usiokatika.

Sasa kuna njia nyingine. Nyuzi za kaboni, nyembamba kuliko unywele mara mia na zaidi, zinabandikwa chembe ndogo sana za bismuti ao dhahabu. Zinatumbukizwa majini na kupewa umeme kidogo: risasi na kadmiamu zinajikusanya juu yake. Umeme ukigeuzwa pole pole, kila metali inaachia kwenye volti yake, na mkondo unaopanda wakati huo unaonyesha kiasi. Kifaa kinashikwa mkononi, betri inatosha. Shirika la Afya Duniani linakubali mikrogramu 10 tu za risasi katika litre ya maji ya kunywa. Ndani ya maabara, nyuzi hizi zinatambua hata chini ya hapo. Maji yenye matope ni shida nyingine, na kobalti inadai dawa ya kuongezwa. Kwa hiyo lazima kwanza kifaa kilinganishwe na mashine kubwa. Hiyo ni kazi inayofaa Chuo Kikuu cha Kamina.

Na feza? Sheria ya migodi ya 2018 inapeleka asilimia 25 ya redevansi kwa jimbo lenye mgodi, na 15 kwa eneo linalochimbwa. Haut-Lomami inapokea maji ya Kolwezi, si redevansi yake. Wabunge wake walioko Kinshasa wadai sheria hiyo iyakumbuke majimbo ya chini ya mto.

Vipimo vinaweza pia kuonyesha kwamba maji ni mazima, habari ambayo wachuuzi wangeifurahia. Lakini leo mvuvi wa Bukama akilalamika, ataambiwa alete ushahidi, naye hana hata namba moja.