Koko alivyotaja majina

Na Paskali Tluway

Jumuiya zetu zikitoka kutembelea wagonjwa, kuna sala isiyokosa kusaliwa njiani: tunakushukuru Bwana, maana tungeweza kuwa sisi pale kitandani. Nimeisali miaka mingi. Sasa nimeiacha, na leo nataka kueleza sababu.

Kwaresima moja tuliondoka Karatu na kikundi cha parokia, wengi wao akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Tulishuka hadi Mto wa Mbu, tukakata kaskazini kwa njia ya Engaruka na Ngaresero, tukapita chini ya Oldoinyo Lengai, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa na kuingia Wasso tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Mizigo ilikuwa ile ile ya siku zote: unga, sukari, sabuni za mche, kanga za watoto wachanga.

Watanzania wengi wakisikia Loliondo hukumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Lakini Wasso, katika wilaya hiyo hiyo, kulikuwa na hospitali tangu miaka ya 1960. Aliyeianzisha ni Herbert Watschinger kutoka Austria, padri ambaye pia alikuwa daktari. Ni ya Jimbo Kuu Katoliki la Arusha, na kwa miaka mingi ilikuwa hospitali teule ya wilaya ya Ngorongoro. Mgonjwa wa boma la mbali huifikia kwa miguu, juu ya lori, au mshikaki kwenye pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili ili asianguke.

Nilipangiwa kuchota maji na kuwafulia wasio na ndugu wa kuwauguza. Anayezijua hospitali zetu anajua uzito wa jambo hilo: ndugu ndiye mpishi, ndiye dobi, ndiye anayekimbilia dawa. Koko mmoja, ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi, alikuwa amebaki peke yake. Waliomleta walirudi kuwahi mifugo. Nikamfulia shuka zake mbili. Zilipokauka nikampelekea, nikasimama pembeni ya kitanda. Nakiri kwamba nilikuwa nasubiri aniambie asante.

Koko alikuwa na wengine wa kuanza nao. Kijana mmoja wa pale wodini akawa ananitafsiria. Alimtaja mjukuu aliyembeba mgongoni hadi barabarani. Akamtaja dereva wa lori aliyewashusha watu wazima wenye afya ili yeye akae mbele. Akamtaja mwanamke wa Kisonjo wa kitanda cha pili, aliyemgawia uji ingawa hawasikilizani lugha. Akamtaja sista wa zamu ya usiku. Akamtaja padri daktari wa zamani kana kwamba yuko uani anakuja. Akamtaja hata ng'ombe aliyeuzwa ili apatikane fedha ya matibabu, kwa jina lake, maana ng'ombe wao wana majina. Ndipo akanifikia mimi. Akaniuliza mama yangu anaitwa nani, akanitemea mate kidogo viganjani, kama wazee wa Kimaasai wanavyobariki, akamwombea maisha marefu.

Mama huyo sikuwa nimempigia simu tangu Krismasi.

Tangu siku ile sala yetu ya njiani imenishinda. Inamshukuru Mungu kwa kitu ambacho jirani amekikosa, kwa hiyo inamhitaji jirani aendelee kukikosa. Farisayo naye alishukuru hivyo hekaluni, kwamba yeye si kama yule mtoza ushuru, na Yesu alisema ni nani aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Koko hakujipima na mtu. Alikuwa amelala na mguu uliofungwa, akihesabu mikono iliyomfikisha pale. Mimi nilifika kwa mikono mingi kuliko yeye, na sikuwa nimewahi kuihesabu hata mara moja.

Nitaambiwa sabuni ni sabuni, mwenye nguo chafu haulizi moyo wa aliyeileta. Ni kweli, na iendelee kupelekwa. Lakini nimeona mgonjwa mwenye dripu mkononi akiinuliwa, akishikishwa mche wa sabuni na kuambiwa atazame kamera, picha iende kwenye kundi la WhatsApp la parokia. Huo si utume. Ni kumdai maskini risiti.

Kwa hiyo nawaomba wanaojiandaa kwenda Wasso, au Endulen, au zahanati ya kijiji chenu: gaweni mlichobeba, kisha kila mmoja aketi na mgonjwa mmoja kwa saa nzima, amuulize ni akina nani waliomfikisha hapo. Simu zitoke mfukoni kwa kazi moja tu, kumpigia ndugu aliyebaki bomani ili mgonjwa aongee naye.