Maskani ya Askari Kijana na Bangili za Mkewe



Mwezi uliopita miguu yangu haikupumzika. Kijana mmoja, askari wa Jeshi la Wananchi, mwenyeji wa Tabora, alimwoa binti niliyemsomesha juzuu amma kabla hajang'oka meno ya utoto. Arusi ikapita kwa salama, watu wakala wakashukuru, na siku ya nne bwana arusi akanijia msikitini baada ya sala ya alasiri. Nyuma yake, penye kivuli cha mwembe, mkewe alikuwa amesimama.

"Shikamoo, Maalim," akasema. "Tumekuja kukuomba ututembeze mji. Twatafuta nyumba."

Nikamwuliza kambini je. Akanijibu kuwa nyumba za kambini hazimtoshi kila askari mwenye mke, na yeye mpaka siku ile alikuwa akilala bwenini pamoja na wenzake. Binti alikuwa amerudi kwa mjomba wake. Basi wawili hawa walikuwa na ndoa isiyo na dari. Nikaona haya kukataa.

Msomaji asiyeujua mji wetu wa Mwanza na ajue kwanza kwamba mji huu umekaa baina ya maji na mawe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Nyamagana na Ilemela pamoja watu zaidi ya 1,100,000, na watu wote hao hawawezi kukaa bondeni. Kwa hiyo nyumba zimepanda vilimani, Mabatini, Igogo na kwingineko, zimejishikiza baina ya majabali kama ndege waliotua. Aziangaliaye kutoka ziwani huziona nzuri. Apandaye na ndoo ya maji kichwani ana maneno mengine.

Siku ya kwanza tulikwenda Mabatini. Chumba na sebule, bei nafuu, ukuta umepakwa rangi mpya. Tukapanda ngazi za mawe mpaka nikasimama mara tatu kuvuta pumzi, na vijana wananisubiri kwa adabu. Kijana alipenda. Mimi nikamwuliza swali moja tu: "Wewe ukiwa lindo ya usiku, na mkeo ana mimba ya miezi minane, nani atamshusha hapa?" Akatazama chini kule tulikotoka, hakujibu. Tukashuka.

Siku ya pili ilikuwa Kirumba na Pasiansi, na siku hiyo sitaieleza kwa urefu kwani ilikuwa siku ya madalali. Dalali hukuonyesha nyumba tatu usizozitaka ili ya nne uione pepo. Jambo la kukumbukwa ni hesabu yake. Tuseme kodi ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ataka miezi sita mbele, hiyo ni 600,000, na dalali ataka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Kijana aliyetoka arusini jana atatoa 700,000 kabla hajanunua hata kijiko. Hapo ndipo wengi hukata tamaa ya kupanga, wakasema bora tununue kiwanja tujenge, hata kama ni mbali. Na askari wetu naye akasema hivyo hivyo.

Mwenzake wa kambini alikuwa amekwisha kumshauri akope benki, akatwe katika mshahara kwa miaka mingi. Nikamwambia mkopo wenye riba mimi siwezi kumtilia dua. Ikiwa hana budi, zipo njia nyingine: Amana Bank inafanya kazi katika nchi yetu tangu mwaka 2011 kwa misingi isiyo ya riba, na kuna benki nyingine zenye madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha benki hukinunua kitu kwanza kikawa chake, kisha hukuuzia kwa bei inayojulikana, ukalipa kidogo kidogo. Lakini uliza nani aliyenunua kwanza, na uonyeshwe karatasi. Kubadilisha jina la kitu hakubadilishi kitu.

Siku ya tatu, basi, tulipita uwanja wa ndege tukaelekea Igombe, ufukweni. Palikuwa na kiwanja. Na mimi nakiri, ndugu zangu, mahali palikuwa pazuri mno: upepo, mitumbwi ya dagaa imelala mchangani, na jua likianza kuinama juu ya maji. Mwenye kiwanja alitaka shilingi 4,000,000. Kijana alikuwa na milioni moja na nusu aliyoiweka akiba tangu kuajiriwa. Akanyamaza. Ndipo binti, bila ya kuulizwa na mtu, akazivua bangili zake mbili za dhahabu, mahari yake ya juma moja, akazitia katika mkono wa mumewe. Akasema, "Hizi zitafika milioni mbili na nusu. Tumalize."

Mume akataka kulia kwa furaha. Muuzaji akatabasamu. Mimi nikasema, "Ngojeni." Nikamgeukia binti nikamwuliza mbele yao wote: "Bangili hizi, mwanangu, ni zawadi kwa mumeo, au ni mkopo, au ni sehemu yako katika kiwanja?"

Kijana alikunja uso. "Maalim," akasema, "sisi twapendana. Mambo haya ya nini?"

Nataka niwaeleze wasomaji kwa nini niliuliza, ingawa pale ufukweni sikumweleza yote.

Mwaka 1979 nilikuwa mtoto wa miaka minane. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza Oktoba ya mwaka uliotangulia, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi yetu, na Mwanza ilikuwa mji wa askari wapitao. Wazee wa hapa wanaikumbuka siku ya mwezi wa Machi ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilipokuja kuupiga mji huu kwa mabomu. Mabomu yakakosa shabaha yakaanguka kisiwani Saanane, yakaua swala wa watu waliokuwa wakifugwa kule. Watoto tulicheka kuhusu swala. Jirani yetu wa Igogo hakucheka, kwani mumewe alikuwa amekwenda vitani, na hakurudi.

Mama huyu alikuwa mkaanga samaki. Nyumba yao ya matofali ya udongo na bati ilijengwa kwa mshahara wa mume na kwa samaki wa mke, na sisi majirani tulimwona kwa macho yetu akilipa mafundi. Alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, shemeji zake walikuja na kuitaka karatasi. Karatasi ilikuwa na jina moja. Wakauza. Akapewa thumni yake, kama ilivyo haki ya mjane mwenye watoto, na thumni ile haikutosha hata mabati ya chumba kimoja. Hawakumdhulumu kwa kosa la hesabu, kwani hesabu ya mirathi waliipiga sawasawa. Walimdhulumu kwa kuitia katika mirathi mali ambayo nusu yake haikuwa ya maiti. Naye hakuwa na la kuonyesha.

Tupige sasa hesabu ya bangili. Mtu akifa ana watoto, na deni na maziko yakiisha kulipwa, mkewe hupata thumni, kama ilivyo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 12. Ikiwa kiwanja cha 4,000,000 ni cha mume peke yake, mjane atapata 500,000. Lakini ikiwa imeandikwa kwamba 2,500,000 ni mali ya mke, basi hiyo haiingii katika mirathi kabisa, ni yake. Mirathi itakuwa 1,500,000, na thumni yake ni 187,500. Jumla mkononi mwake ni 2,687,500. Tofauti ya shilingi zaidi ya milioni mbili imo katika mstari mmoja wa wino. Akiwa hana mtoto wala mume hakuacha mtoto mwingine, thumni huwa robo, lakini maana ni ile ile.

Na makazi ya mke ni wajibu wa mume, kwa kadiri ya uwezo wake. Yamo katika Sura ya At-Talaaq, aya ya 6. Mahari ni ya mke, hapana mwenye haki nayo ila kwa radhi yake. Binti akitoa, ametoa hisani, na hisani haikatazi kuandikwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, yahusu nini kama si kuandikiana deni? Wala haikusema waandikiane wasiopendana tu.

Sheria ya nchi nayo haikulala. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, yamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Kifungu cha 60 chasema mali iliyo kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake peke yake mpaka ithibitishwe vingine, na iliyo kwa majina mawili huchukuliwa kuwa ni sawa kwa sawa. Waume wengi wa kwetu wanakijua cha kwanza katika hayo mawili, na wake zao hawakijui hata kimoja.

Ama askari ana jambo lake zaidi ya sisi raia. Leo yuko Mwanza, kesho amehamishiwa Songea, mwaka ujao yuko ng'ambo ya mpaka. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, mashariki ya Kongo, wakilinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Kila mmoja wao alikuwa na mlango alioufunga asubuhi moja akaondoka. Nyumba ya askari yapasa ichaguliwe kwa macho ya mwenye kubaki.

Turudi Igombe. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuichafua furaha ya watu, nikaona niimalize kazi. Nikaenda penye maji, nikahesabu hatua mpaka kigingi cha mbali cha kiwanja. Hatua arobaini na tatu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nikamwuliza muuzaji kama alijua. Akasema watu wote wanajenga. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu pale mwaloni akaitikia bila ya kuinua kichwa: "Ziwa nalo lajenga." Kisha akatueleza mvua za 1961 na jinsi maji yalivyozidi kupanda mpaka 1964, zaidi ya mita mbili, na vibanda vya baba yake vikaenda. Mei 2020 ziwa likakipita kipimo kile cha 1964, na mwaka 2024 likapanda tena. Hapo tulipokuwa tumesimama, akasema, alikuwa ameegesha mtumbwi.

Binti akazirudisha bangili zake mkononi. Katika gari, njia nzima, mumewe hakusema nami, na mimi sikumlaumu.

Baada ya siku mbili alirudi peke yake. Alikuwa amepata vyumba viwili Kitangiri, si kwa dalali, bali kwa kuuliza msikitini baada ya sala ya isha, jambo ambalo nilipaswa kumshauri tangu siku ya kwanza. Mwenye nyumba ni mama mjane akaaye katika ua huo huo. Alitaka miezi sita. Walipozungumza akakubali mitatu, kwa sharti wasimwage maji machafu mlangoni pake. Bomba limo uani. Kodi na sharti vyote vimeandikwa, pande mbili zimetia sahihi, na mjumbe ameshuhudia. Wazee wetu wamesema jirani kabla ya nyumba, na kwa mke wa askari jirani ni nusu ya nyumba yenyewe.

Milioni moja na nusu ya kijana imepungua lakini haikwisha. Wanasema watatafuta kiwanja kilichopimwa, mbali na maji, na kabla ya kulipa wataomba upekuzi katika ofisi ya ardhi wajue ni cha nani. Bangili zitauzwa au hazitauzwa, hilo ni la mwenyewe.

Juma lililopita kijana alipata amri ya kwenda mafunzoni kwa miezi kadhaa. Usiku kabla ya safari walikuja nyumbani kwangu wote wawili na daftari la shule la kurasa 48. Ndani yake kijana ameandika kwa mkono wake: kitanda na meza ni vya mume; cherehani, vyombo na bangili mbili ni vya mke; na ikiwa bangili zitaingia katika kiwanja, zitaingia kuwa sehemu yake, si zawadi. Mimi na mjomba wa binti tukatia sahihi zetu. Kijana akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe, kama mwandiko wake unasomeka.

Nikamwambia unasomeka. Daftari nimeliweka katika kabati la misahafu, rafu ya juu, na funguo moja anayo mkewe.