Picha ya pili ya mkono isidaiwe pesa

Kijana ameanguka na bodaboda, akajikinga kwa kiganja. Kifundo cha mkono kimevimba. Hospitali anapigwa eksirei, anaambiwa hajavunjika, ni mteguko tu; anapewa dawa za maumivu, anaondoka. Mwaka mmoja baadaye hawezi kunyanyua ndoo ya maji.

Yawezekana kabisa kwamba alikuwa amevunjika siku ile ile. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na unaoponza watu zaidi ni skafoidi, ulio chini ya kidole gumba, mdogo kama korosho. Ufa wake huweza usionekane kwenye picha ya siku ya kwanza. Tena damu yake nyingi huingilia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma. Ufa ukikata njia hiyo, kipande cha nyuma hukosa damu, hakiungi, na huweza kufa kabisa. Hapo daktari hulazimika kupasua, achukue kipande cha mfupa mahali pengine, mara nyingi nyongani, akipandikize na kukikaza kwa skrubu. Viungio vikiwa vimeshasagika, hata hilo huwa limechelewa.

Kumbe dalili iko wazi kwa anayejua kuitafuta. Nyoosha kidole gumba: kwenye kifundo, upande wa gumba, kati ya kano, hujitokeza kishimo. Mgonjwa akibonyezwa hapo akaumia, mkono ufungwe hata kama picha haikuonyesha kitu, na apigwe nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Huko kubonyeza hakuna gharama yoyote, na kunatosha kumzuia mtu asitumwe nyumbani akachuliwe.

Wengi hawarudi, na hatuwalaumu. Mtu wa kibarua aliyekwisha kuambiwa hajavunjika atatoaje tena nauli na pesa ya eksirei kwa mkono ule ule? Kwa hiyo tunasema: kila hospitali ya wilaya imwandikie mgonjwa wa namna hii tarehe ya kurudi kabla hajatoka mlangoni, na picha ya pili ihesabiwe kuwa sehemu ya ile ya kwanza, bila malipo mapya. Bima nazo zikubali hesabu hiyo. Picha moja ya ziada haifikii hata kidogo gharama ya chumba cha upasuaji, skrubu na miezi ambayo fundi uashi au dereva atakaa bila kazi.