Faili Lionekanalo na Faili Lililopo

Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya mawasiliano ipitayo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Ni rahisi kuilaumu mikongo. Hata hivyo, siku kama hiyo hufichua pia udhaifu ulio karibu zaidi, yaani mazoea ya kuamini kwamba kila faili lionekanalo katika kioo cha kompyuta limo ndani ya kompyuta hiyo.

Kinachoitwa "wingu" ni kompyuta kubwa, yaani seva, zilizopangwa safu kwa safu katika majumba yenye umeme na vipoza hewa, aghalabu katika nchi za mbali. Mnamo 2017 Microsoft iliingiza katika Windows 10 utaratibu ambao kwa huo folda ya OneDrive huonyesha jina la faili, ukubwa wake na tarehe yake, ilhali yaliyomo yamebaki kwenye seva. Mfano wake ni kadi ya katalogi ya maktaba: kadi imo katika droo, lakini kitabu kiko mji mwingine.

Programu yoyote ikiomba faili la namna hiyo, mfumo huifanya isubiri, huyaleta yaliyomo kutoka kwenye seva, kisha huiruhusu kuendelea. Mtandao ukiwapo, hayo hupita bila kutambulika. Ukikosekana, programu hujibiwa kwamba faili halisomeki. Binadamu akikosa faili huweza kumpigia simu mwenzake. Programu haina akili hiyo. Na achukuliwe mwalimu wa taaluma ambaye lahajedwali lake hukusanya alama za kidato cha nne kutoka katika mafaili kumi ya walimu wenzake. Moja lisipofikiwa, lahajedwali laweza kubaki na alama za zamani, baada ya kutoa onyo ambalo wengi hulifunga bila kulisoma. Matokeo yatabandikwa ukutani, na mwanafunzi atahukumiwa kwa jaribio la mwezi uliopita.

Dawa yake haina gharama. Katika OneDrive, folda hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuagizwa ibaki daima katika kompyuta. Alama ya wingu hugeuka kuwa duara la kijani lenye tiki nyeupe. Google Drive nayo huruhusu kuchagua kwamba mafaili yote yawe na nakala kamili katika diski. Lakini hapa pana mtego. Hati iliyoandikwa katika Google Sheets, hata baada ya uchaguzi huo, huacha katika diski kidokezo kidogo tu chenye anwani ya hati yenyewe. Programu ya takwimu kama R haiwezi kupata humo hata alama moja. Hati ya aina hiyo sharti ipakuliwe kwanza kwa muundo unaosomwa na programu nyingine, kama vile CSV au Excel.

Wapo watakaosema kwamba diski za shule ni ndogo na kompyuta huibiwa. Hoja ya pili ni ya haki, na ndiyo sababu wingu lisiachwe. Hoja ya kwanza haina uzito: mtihani ulioandikwa kwa maneno na michoro michache kwa kawaida haufikii megabaiti 1, na kidude cha kuhifadhia cha gigabaiti 32 huweza kubeba maelfu ya mitihani ya aina hiyo. Kidude hicho chafaa kwa sababu nyingine pia: faili likifutwa katika folda iliyounganishwa na wingu, hufutwa na huko mbali vilevile.

Utaratibu wa kuacha yaliyomo kwenye seva ulibuniwa kana kwamba mtandao haukatiki kamwe. Katika shule za Afrika ya Mashariki ungefaa kupinduliwa: nakala kamili iwe desturi, na kadi tupu iwe kwa mafaili yasiyohitajika upesi. Mkuu wa shule atakaye kujua hali ya shule yake na auzime mtandao siku ya Ijumaa kwa nusu saa, kisha awaombe walimu wafungue kazi za Jumatatu. Yatakayokataa kufunguka yashughulikiwe kabla ya kengele ya kuondoka.